Ukipangiwa Ngara: Mwongozo wa Mwezeshaji Mgeni

Umepangiwa Ngara na Biharamulo. Kama uliomba Arusha, pole. Kama hukuomba kitu, hongera, maana wapo wanaomaliza mwaka mzima wakisubiri kuona majina yao kwenye orodha ya wawezeshaji na wasiyaone. Unakwenda kuwajengea uwezo watumishi wa afya wa pembezoni. Ukumbi umeshalipiwa, bango limeshachapwa, vitini viko kwenye boksi. Kabla hujafunga begi, soma haya.

Kwanza, usidanganywe na jina la Kagera ukadhani unakwenda kula senene Bukoba. Mkoa ni mmoja, ila Ngara imejibanza pembeni kabisa, Rwanda upande huu na Burundi upande ule, juu ya vilima vyenye ukungu na baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam haiamini mpaka usiku wa kwanza. Beba sweta. Biharamulo iko mashariki yake, nchi ya misitu na hifadhi. Ukisikia watu wanazungumza Kihangaza ukadhani ni Kirundi, hujakosea sana, lakini usiseme kwa sauti.

Njiani

Basi litakupitisha Kahama na Runzewe hadi Nyakanazi, njia panda ambayo madereva wa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo wanaijua kuliko nyumbani kwao. Kushoto ni Kibondo na Kigoma. Wewe songa mbele hadi Lusahunga. Hapo kulia ni Biharamulo, moja kwa moja ni Benaco na Rusumo. Dereva mwenye umri wake atakuonyesha mapori ambamo miaka ile mabasi yalipita kwa msafara, chini ya ulinzi wa polisi wenye bunduki. Msikilize, tikisa kichwa, wala usiandike kwenye ripoti kwamba ulisafiri katika mazingira hatarishi. Adui mkuu siku hizi ni shimo la barabarani.

Ukifika Benaco shuka unywe chai, maana hapo utapata somo lako la kwanza bila projekta. Jina la mahali lilitoka kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kisha mwaka 1994, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na pori hili likawa na wakazi wengi kuliko Bukoba. Mashirika yakaja na mahema, magari meupe, dawa na mishahara. Manesi na matabibu wa wilaya wakapiga hesabu, na baadhi yao wakahamia kambini. Zahanati walikotoka zikapungukiwa. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao na mahema yakakunjwa. Kati ya vilivyobaki, kinachosikika zaidi ni Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi.

Kwa hiyo yule tabibu mwenye mvi utakayemkuta amekaa safu ya nyuma, mikono kifuani, ameshajengewa uwezo na watu wa mataifa ambayo wewe umeyaona kwenye Kombe la Dunia tu. Mheshimu. Huyo huenda alianza kama mganga msaidizi wa vijijini, kada iliyoibebea nchi hii huduma ya afya wakati madaktari walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1961 Watanganyika wenye udaktari walikuwa 12, na hao hawakuwa wanagombania kupangiwa Murusagamba. Ndipo zikajengwa ngazi: mganga msaidizi akipanda anakuwa tabibu, tabibu anakuwa daktari msaidizi, mafunzo yaliyoanza 1963 na kuwapa wilaya za mbali watu wa kufanya upasuaji wa uzazi. Kijana wa kijijini aliweza kuanzia chini akafika chumba cha upasuaji bila kuihama wilaya yake. Ngazi ya daktari msaidizi imefungwa miaka ya karibuni, na kwa maoni yangu waliofunga hawakuwauliza wanaokaa Bugarama.

Ukumbini

Barua iliyotangulia mbele yako ilisema kila zahanati ilete mtumishi mmoja. Uliisoma ukaona ni ya kawaida. Sasa piga hesabu ndogo. Zahanati ina watumishi wawili. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Mwingine yuko hapa mbele yako, safi, amenyoosha shati, anaandika jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio. Kule alikotoka mlango umefungwa na kipande cha boksi kimebandikwa: Daktari yuko semina. Ugonjwa, kwa bahati mbaya, haukupewa nakala ya barua.

Neno hilo daktari usilishangae. Kijijini kila anayeshika sindano ni dokta, awe tabibu, muuguzi au mhudumu aliyeajiriwa kufagia na kuchemsha vifaa. Yule anayefagia ndiye aliyebaki na ufunguo wiki hii, na hakualikwa, kwa sababu semina yako ni ya wataalamu.

Utaanza na jaribio la kabla. Watapata alama za chini, jambo ambalo litakufurahisha. Saa nne chai, na hapo ongeza chapati, maana wengine waliondoka kwao kabla ya alfajiri kwa bodaboda. Mwisho wa wiki utatoa jaribio la baada, lenye maswali yale yale, na wote watafaulu, jambo litakalomfurahisha mfadhili. Karatasi hizo mbili ndizo matokeo ya mradi. Kama muuguzi wa Nyakahura aliporudi kwake alifanya kitu chochote tofauti, hakuna karatasi yake.

Kuhusu posho, nakuomba usirudie yale maneno ya hotelini kwamba watumishi wa vijijini wanapenda semina kwa ajili ya posho. Kwanza wewe mwenyewe umekuja kwa posho, tena yako ni nene. Pili, ile yao inalipa ada ya mtoto, kodi ya chumba, na nauli ya kufuata dawa ambayo halmashauri ilisema itarudishwa. Kama mfumo umempa mtu mshahara unaofika kwa kuchechemea na marupurupu yanayofika kwa kusaini mahudhurio ya semina, huwezi kumlaumu kwa kujifunza hesabu.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Manyara, ilipima kama semina hubadilisha kazi ya wodini, bila kuoneana aibu. Wakunga walifundishwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua: mfute, msisimue, na ndani ya ile dakika ya dhahabu uwe umeanza kumpulizia hewa kwa mfuko. Kwenye mwanasesere wa mazoezi wakawa hodari. Watafiti wakaenda kusimama wodini kuangalia watoto wenyewe, na majibu yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa kwamba kitandani mambo hayakubadilika. Semina ilifaulu, watoto hawakuiona. Wakageuza utaratibu: mwanasesere akahamia wodini, mazoezi yakawa ya dakika chache kila mara, wakunga wakifanyishana wenyewe katikati ya zamu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 hivi hadi 7 katika kila watoto 1,000. Mtindo huo ukapelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa 5, pamoja na Geita ambao ni jirani wa mlango wa pili na Biharamulo, na matokeo yaliyotoka mwaka 2025 yakaonyesha tena vifo vimepungua.

Mafunzo ya dakika chache, tena bila ukumbi wala bango. Sasa unaelewa kwa nini hayapendwi.

Na mwanasesere wako, ukiondoka, utamwacha wapi? Desturi ni kumfungia kwenye kabati la stoo ya wilaya, akiwa na lebo ya mradi, ufunguo ukiwa na mtu aliye safarini Dodoma. Usifanye hivyo. Mpakie kwenye bodaboda aende zahanati.

Zahanati yenyewe

Ukibahatika kupelekwa zahanati, utapelekwa kwa Landikruza, mchana, pamoja na timu ya wilaya, na zoezi litaitwa usimamizi shirikishi. Mtasaini kitabu cha wageni. Mtafungua vitabu vya kumbukumbu vya MTUHA, cha 6 cha wajawazito na cha 12 cha wodi ya wazazi, mtahesabu nafasi zilizoachwa wazi, mtauliza kwa nini kibuyu chirizi hakina sabuni, mtaandika mapendekezo, na kabla ya saa tisa mtakuwa mmeondoka kwa sababu dereva ana zahanati nyingine mbili na mafuta ni ya leo tu. Wakati huo wote wajawazito walikuwa kwenye benchi wakiwatazama.

Utakachokosa kukiona ni usiku. Muuguzi yuko peke yake. Mama mwenye uchungu wa mtoto wa kwanza amelala upande, bibi aliyemsindikiza ameketi na beseni na kanga mbili. Patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa, njia ipimwe kila saa nne, kila kitu kiwekewe nukta mahali pake, na nukta zikivuka mstari wa tahadhari mama asafirishwe. Ni karatasi nzuri, waliyoitunga walifikiri sana. Saa sita usiku anabisha hodi baba mwenye mtoto wa degedege. Muuguzi anaacha fetoskopu kitandani, anawasha tochi ya simu, anaishika kwa meno, anatafuta mshipa kwenye mkono mwembamba unaorukaruka.

Akirudi, bibi anamsubiri.

"Shikamoo bibi, bado hujalala?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nitalala vipi? Hivi dokta uko peke yako?"

"Niko peke yangu bibi. Mwenzangu yuko semina."

"Na wewe utakwenda lini?"

"Akirudi yeye, bibi."

Saa tisa mtoto anazaliwa, analia, watu wanamshukuru Mungu. Saa kumi na mbili asubuhi muuguzi anakaa na kalamu, anaziweka nukta zote kwa mkupuo mmoja, nazo zinapanda kwa mstari ulionyooka ambao uchungu wa binadamu haujawahi kuufuata. Wewe ukija na Landikruza yako utaiona karatasi hiyo na utafanya moja kati ya mawili: kumpongeza kwa kujaza vizuri, au, kama una jicho, kumgombeza kwa kughushi. Yote mawili hayamsaidii. Kinachomsaidia ni mkunga mzoefu atakayelala hapo hapo siku tatu, akashika zamu naye, akamwonyesha lipi la kufanya kwanza pale mambo mawili yanapokuja pamoja, jambo ambalo hakuna kitini kinachoeleza. Hospitali za Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga na Biharamulo zote zina wakunga wa namna hiyo. Wako karibu kuliko wewe, wanakijua Kihangaza na Kishubi, na gharama yao ni nauli na mtu wa kushika zamu zao. Ukiandika hivyo kwenye pendekezo lako la mradi, uwe tayari kuulizwa wewe utakuwa unafanya nini.

Homa

Hapa naomba tuache mzaha kidogo.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Bukoba vijijini. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya. Miezi 22 baadaye ukaja kwenye wilaya uliyopangiwa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba Marburg ipo Biharamulo, baada ya sampuli kupimwa kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile na kuthibitishwa Dar es Salaam. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walihesabiwa wagonjwa 10: wawili wa kuthibitishwa na maabara, 8 wa kudhaniwa kutokana na dalili na mawasiliano yao. Hakupona hata mmoja.

Ugonjwa huo unaanza kwa homa, kichwa, mwili kuuma, kutapika na kuhara. Yaani unaanza kama kila mgonjwa anayekaa kwenye benchi la zahanati ya Biharamulo siku ya Jumatatu. Mtu wa kwanza kumgusa si mtaalamu wa milipuko kutoka Dodoma. Ni yule muuguzi, au yule mhudumu mwenye ufunguo. Akiwa na glavu na maji, akiwa na mazoea ya kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa hata wasipokuwapo wakaguzi, anaweza kunusurika bila kujua alinusurika nini. Akiwa hana, hata cheti cha kinga na udhibiti wa maambukizi kilichoning'inizwa ukutani hakitamvalisha glavu.

Baada ya tangazo, mafunzo hufika kwa wingi, wawezeshaji kwa makundi, na barakoa, vitakasa mikono na mabango kwa maboksi. Ni sawa, yanahitajika. Swali la kumuuliza mganga mkuu wa wilaya, ukipata faragha naye, ni hili: mwezi mmoja kabla ya mlipuko zahanati zilipata nini? Uliza ni lini mara ya mwisho tabibu wa kule mbali alimpigia mtu wa wilayani kusema ana mgonjwa wa homa asiyemwelewa, na aliyepokea alimjibu nini. Kengele ya ugonjwa wa aina hii ni mtu mmoja anayethubutu kusema simwelewi huyu mgonjwa. Wilaya ikimpokea kwa kumuuliza kwa nini ripoti yake ya mwezi imechelewa, mwezi ujao hatapiga.

Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, waliofunzwa darasani na kwa vitendo na kulipwa. Ni jambo kubwa, maana miaka mingi watu hao walifanya kazi kwa fulana na kofia. Lakini mhudumu wa kitongojini akigundua kitu anampelekea muuguzi wa zahanati, na muuguzi akiwa peke yake usiku tumeshaona anavyokuwa. Ukiongeza watu chini ya ngazi bila kumwongeza mtu wa katikati, umemwongezea wa kumwamsha.

Simu

Utaambiwa suluhisho ni mtandao. Mafunzo yatatolewa kwa video, mtumishi atakusanya pointi za kujiendeleza kitaaluma ambazo baraza lake linazitaka ili limhuishie leseni, na hakuna atakayefunga zahanati. Mimi naunga mkono. Ila fahamu kwamba ukiwa Rusumo au Kabanga simu huvuka mpaka bila pasipoti. Ikinasa mnara wa Rwanda au Burundi, salio linaliwa kwa bei ya ugenini na saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa wenzetu hao wako nyuma yetu. Ukisema kipindi kinaanza saa nane, wapo watakaoingia saa tisa wakiwa na uhakika kwamba wamewahi. Wengine watapanda kilima kufuata mtandao na kukuta video imekwama kwenye uso wako, mdomo wazi.

Kitu rahisi zaidi kimefanya kazi kubwa zaidi: namba 115, ya bure, ya mpango wa m-mama. Muuguzi anapiga, gari la wagonjwa linatafutwa, na likikosekana anatafutwa dereva wa kawaida aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Rufaa ikiwa ya kwenda Bugando, Mwanza, tangu tarehe 19 Juni 2025 gari halisubiri tena kivuko pale Busisi. Linapita juu ya daraja. Angalia kwamba hakuna kati ya hayo linaloitwa mafunzo. Ila mkunga anayejua gari litakuja huamua mapema kumsafirisha mama, na anayejua haliji hungoja na kuomba. Nukta za patografu ni zile zile.

Ukirudi mjini utaandika ripoti. Ina kisanduku cha idadi ya waliofundishwa, wanaume na wanawake. Jaza. Baada ya miezi sita ukiuliza habari za yule muuguzi hodari uliyemsifu, utaambiwa amehama: alipata mtu wa kubadilishana naye huko Morogoro, mumewe yuko huko, watoto wako huko. Usikasirike. Kwenye nafasi yake yuko binti mwenye barua mpya ya ajira, hajawahi kuzalisha peke yake, na amepanga chumba kwa yule yule mama mwenye nyumba.

Mwachie namba yako, ile ya mfukoni, si ya ofisini. Atakapokupigia itakuwa saa nane usiku na atanong'ona, kwa kuwa bibi yuko karibu na hataki amsikie akiuliza. Usimwambie atume barua pepe. Kata umpigie wewe. Salio lake amelimalizia kumtafuta mganga mfawidhi.